Divisheni ya Nairobi ina mamlaka gani juu ya Unioni zetu, na nani aliyechora mipaka yake?

#1 Mjumbe_Meru

Bwana asifiwe, wanajukwaa. Nina swali nililokaa nalo tangu nilipohudhuria mkutano mkuu wa uchaguzi wa Unioni yetu, nikiwa mjumbe kwa mara ya kwanza. Baada ya ibada ya ufunguzi, wajumbe tuligawanyika kwa konferensi zetu ili kuwateua watakaoingia katika kamati ya mapendekezo. Kamati ilipokaa, aliyeshika uenyekiti hakuwa mtu wa Unioni yetu, bali kiongozi aliyetoka Nairobi, katika Divisheni ya Afrika Mashariki na Kati. Alikiendesha kikao kwa haki na kwa upole, na sina lalamiko lolote juu yake. Nataka tu kujua alikikalia kiti kile kwa mamlaka ya nani.

Mzee aliyeketi kando yangu aliniambia kwamba Divisheni ndiyo serikali ya Kanisa la Waadventista Wasabato katika nchi 11, na Unioni ni mikoa yake. Mwingine akasema Divisheni haina hata muumini mmoja, kwa hiyo haiwezi kuitwa serikali. Haiwezekani wote wawili wawe sahihi.

La pili ni mipaka. Kwa nini sisi Watanzania tumewekwa pamoja na Ethiopia na Eritrea, ambako wengi wetu hatujawahi kufika, ilhali Malawi na Zambia tunaopakana nao wako katika Divisheni nyingine yenye makao yake Afrika Kusini? Wenye uzoefu naomba mnifundishe.

#2 Karani_Mstaafu

Karibu, mjumbe. Nilikuwa karani wa kanisa kwa miaka mingi, nami nitalijibu swali la kwanza kwa kadiri Kanuni ya Kanisa inavyoeleza.

Ngazi ni 4. Waumini hufanya kanisa mahalia. Makanisa ya eneo hufanya konferensi. Konferensi hufanya Unioni. Na Unioni za dunia nzima hufanya Konferensi Kuu, ambayo makao yake yako Silver Spring, Maryland, nchini Marekani. Utaona kwamba Divisheni haimo katika hesabu hiyo. Haikusahauliwa. Divisheni ni Konferensi Kuu yenyewe inayofanya kazi katika sehemu fulani ya dunia. Mwenyekiti wa Divisheni huchaguliwa katika mkutano wa dunia unaofanyika kila baada ya miaka 5, na kwa cheo chake ni makamu wa mwenyekiti wa Konferensi Kuu.

Kwa hiyo mzee wako amekosea aliposema serikali na mikoa, na yule wa pili amesema kweli ingawa hakuimaliza. Divisheni haina muumini wake kwa maana ileile ambayo mkono hauna damu yake peke yake. Aliyekalia kiti kile alikikalia kwa niaba ya kanisa zima la dunia.

#3 Hesabu_Safi

Namheshimu mzee Karani, lakini kwa mtu anayeshika vitabu vya hesabu mfano wa mkono hautoshi. Ukitaka kujua mamlaka yalipo, ifuate zaka.

Mimi ni mhazini wa kanisa mahalia huku Morogoro. Zaka yote inayopokelewa Sabato hupelekwa konferensi, na kanisa mahalia halibaki hata na shilingi moja yake. Sisi tunaishi kwa sehemu ya sadaka. Konferensi nayo hutoa 10% ya zaka iliyoipokea na kuipeleka Unioni, kisha Unioni hutoa zaka ya zaka hiyo na kuipeleka Konferensi Kuu. Huo ndio mwendo wa kwenda juu, na kila mtu anaujua.

Watu hawauangalii mwendo wa kurudi chini. Ruzuku zinazotolewa kwa maeneo yasiyoweza kujitegemea hupitia Divisheni, na Divisheni ndiyo inayopanga nani apewe kiasi gani. Anayegawa chakula ana sauti mezani, hata kama jina lake halimo katika orodha ya wenye nyumba. Ndiyo maana Unioni inayojitegemea huzungumza na Nairobi kwa namna moja, na Unioni inayosubiri ruzuku huzungumza kwa namna nyingine. Kwa maoni yangu Divisheni ilizaliwa ili kuwagawia wenye mahitaji, na mengine yamefuata baadaye.

#4 Mwana_wa_Gendia

Salamu kutoka Homa Bay. Hesabu_Safi, umeeleza vizuri njia ya zaka, ila hapo kwenye kuzaliwa kwa Divisheni umeanza hadithi katikati. Ruzuku zilikuwapo kabla ya Divisheni.

Mwaka 1863, kanisa lilipoundwa rasmi huko Battle Creek, Michigan, lilikuwa na waumini wapatao 3,500 na konferensi 6, zote Marekani. Mfumo ule ulitosha. Kufikia mwaka 1901 waumini walikuwa wamefika kama 75,000, wametawanyika hadi Australia, Ulaya na kusini mwa Afrika, na bado jambo dogo la ununuzi wa kiwanja liliweza kusubiri barua kutoka Battle Creek. Suluhisho lilitoka pembeni. Australia walikuwa wameunda Unioni yao tangu 1894, na mwaka 1901 A. G. Daniells, aliyefanya kazi huko, aliongoza mageuzi yaliyozifanya Unioni kuwa mpango wa dunia nzima. Shabaha ilikuwa kwamba maamuzi yafanywe na watu walio karibu na kazi.

Divisheni ni mwendelezo wa shabaha hiyo. Kazi ilizidi kukua, Unioni zikawa nyingi, na Konferensi Kuu haikuweza tena kusikiliza kila Unioni moja moja. Kwa hiyo chanzo chake ni umbali na wingi, fedha zikaja kupita katika njia iliyokwisha kufunguliwa.

#5 Mlinzi_wa_Giti

Naomba nimsahihishe Mwana_wa_Gendia, kwa upendo, kwa kuwa ameruka jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha swali la mjumbe.

Divisheni za kwanza, kuanzia ile ya Ulaya ya mwaka 1913, hazikuwa "mkono" wa mtu yeyote. Zilikuwa konferensi kamili, zenye katiba na wapiga kura wake. Mwaka 1918 kanisa liliufuta mpango huo, na tangu hapo Divisheni zikawa sehemu za Konferensi Kuu zisizo na katiba inayojitegemea. Angalia tarehe hizo. Katikati yake kulikuwa na vita vya dunia vilivyoigawa Ulaya, na viongozi waliona jinsi kipande kizima cha kanisa chenye katiba yake kinavyoweza kubaki peke yake, na siku moja kisirudi. Kwa hiyo Divisheni tuliyo nayo leo iliumbwa na hofu ya mgawanyiko. Umbali ulileta Divisheni ya 1913. Hofu ndiyo iliyoifanya iwe kama ilivyo sasa.

Sisi huku Upareni tuliiona hofu hiyo kwa macho ya wazee wetu. Wamisionari wa kwanza, Ehlers na Enns, walifika mwaka 1903 kutoka Ujerumani, wakaanza kazi Giti. Miaka mitatu baadaye, 1906, kazi ilianza Gendia, karibu na Kendu Bay, chini ya Waingereza. Kanisa moja, imani moja, lakini Giti ikiripoti Ujerumani na Gendia ikiripoti Uingereza. Vita vilipokuja, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na waumini wa Pare wakabaki na Biblia na nyimbo mpaka Waingereza walipoichukua kazi. Nyanya yangu alizoea kusema kwamba makao makuu yalihama bila kumwambia mtu.

#6 Mwana_wa_Gendia

Nakubali sahihisho la 1913 na 1918, na nashukuru. Hata hivyo, Mlinzi, usiisahau heshima ya Gendia. Pamoja na A. A. Carscallen, aliyefika Gendia mwaka 1906 alikuwa Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Mjumbe anauliza kwa nini hatuko pamoja na Malawi, ilhali Mmalawi alikuwa miongoni mwa waliotuletea ujumbe!

#7 BintiRungwe

Mimi ni Mmoravian, naomba ruhusa ya kuchangia kama mgeni.

Nimesoma uzi huu kwa mshangao. Wamisionari wetu walifika Rungwe mwaka 1891, nao walikuwa Wajerumani pia, lakini leo hatuna kitu kinachofanana na Divisheni. Kanisa letu la dunia linaitwa Unitas Fratrum, yaani Umoja wa Ndugu, nalo lina majimbo yanayosimama sawasawa. Kwetu Tanzania peke yake kuna majimbo kadhaa, kama Kusini, Magharibi, Kusini Magharibi na Rukwa, kila moja likiwa na sinodi yake na uongozi wake. Sinodi ya Umoja hukutana kila baada ya miaka 7. Baina ya Jimbo la Kusini na Sinodi ile hakuna ofisi ya kanda inayoweza kutuma mtu aje kuongoza uchaguzi wa Rungwe.

Sisemi kwamba yetu ni bora. Uhuru huo una gharama yake, kwa sababu mgogoro ukitokea ndani ya jimbo, huchukua muda mrefu kumpata mtu wa nje mwenye mamlaka ya kuketi katikati. Nilipokuwa msichana niliona ugomvi wa namna hiyo, na watu walitamani sana mtu kama yule mgeni wa mjumbe. Swali langu ni kama nyinyi Wasabato mlimchagua mgeni huyo, au mlimpokea tu.

#8 Mlutheri_wa_Kagera

BintiRungwe ameuliza vizuri, nami naongeza upande wetu. KKKT iliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa 7 yaliyokuwapo Tanganyika, na kila dayosisi hadi leo ina askofu wake, katiba yake na mali yake. Tunaunganishwa na Walutheri wengine kupitia Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lililoanzishwa Lund, Sweden, mwaka 1947. Sisi wa Bukoba hatusahau kwamba askofu wetu Josiah Kibira alichaguliwa kuwa rais wake katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1977. Lakini Fungamano halina amri juu ya dayosisi. Linashauri, linasaidia, linaunganisha.

Waanglikana walianza kama nyinyi kisha wakageuka. Kulikuwa na Jimbo moja la Afrika Mashariki tangu 1960, Kenya na Tanganyika pamoja, na mwaka 1970 likagawanywa: Kenya ikawa na askofu mkuu wake Festo Olang', na Tanzania ikawa na John Sepeku. Kwa hiyo makanisa mengi ya Kiprotestanti hapa kwetu yalifuata bendera baada ya uhuru. Nyinyi hamkufuata. Naona hilo ndilo la kuelezwa zaidi kuliko zaka.

#9 Karani_Mstaafu

Namjibu BintiRungwe kwanza. Tulimchagua, ila si sisi peke yetu. Wajumbe kutoka Unioni zote za dunia huwachagua viongozi wa Divisheni katika mkutano wa dunia, na wenyeviti wa Unioni zetu ni wajumbe wa Kamati Tendaji ya Konferensi Kuu kwa nafasi zao. Mtu wa Meru ana sauti katika kumchagua kiongozi wa Amerika ya Kusini, na mtu wa Brazili ana sauti katika kumchagua kiongozi wa Nairobi. Jina la mwenyekiti wa Divisheni yetu hupendekezwa kwa kushirikiana na wajumbe wa eneo letu, lakini kura ni ya dunia.

Mlutheri amesema hatukufuata bendera. Ni kweli kwa Divisheni, lakini si kweli kwa Unioni. Kwa miaka mingi Unioni zilifuata mipaka ya nchi, kisha ukuaji ukaigawa nchi yenyewe. Kenya, katika muongo uliopita, ilikuwa na Unioni moja ikagawanywa kuwa mbili, ya Mashariki na ya Magharibi. Tanzania nayo ikapata ya Kaskazini na ya Kusini. Congo wana tatu.

#10 Ziwa_Kivu

Salamu kutoka Goma. Nimengoja kuona kama kuna atakayeitaja Abidjan, sioni.

Ndugu zangu wa Kenya na Tanzania huzungumza kana kwamba Divisheni hii imekuwa moja tangu zamani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, sisi wa Congo, pamoja na Rwanda na Burundi, tulikuwa katika Divisheni ya Afrika na Bahari ya Hindi, na makao yake yalikuwa Abidjan, Ivory Coast. Baba yangu alikuwa mchungaji. Ili barua yake ifike kwa mkubwa wake ilivuka bara zima hadi Bahari ya Atlantiki, ilhali Kampala angeweza kufika kwa basi. Sababu tuliyoambiwa ilikuwa lugha: Kifaransa huko, Kifaransa huku.

Mipaka ilipobadilishwa mwaka 2003 na kuundwa Divisheni ya Afrika Mashariki na Kati, tulihama kutoka kwa ndugu wa lugha kwenda kwa jirani wa mlango. Wengine waliona ni rehema. Wengine, hasa walimu na wahariri, walihofia kwamba vikao vya Nairobi vitakuwa vya Kiingereza na sisi tutakuwa wasikilizaji. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Nimeketi katika semina ambamo mkalimani alichoka saa ya pili, na kuanzia hapo tulitazama midomo tu. Lakini pia nimeketi na Mkenya, Mrundi na Mtanzania chakula cha mchana, na Kiswahili kikafanya kazi ambayo mkalimani hakuiweza.

#11 Mjumbe_Meru

Nashukuru wote, hasa Ziwa_Kivu. Sikuijua habari ya Abidjan. Je, sisi Watanzania wakati huo tulikuwa Nairobi?

#12 Mlinzi_wa_Giti

Hapana, mjumbe, na hapa ndipo swali lako la pili linapogeuka. Kabla ya 2003 tulikuwa katika Divisheni ya Afrika ya Mashariki, makao yake yakiwa Harare, Zimbabwe. Humo ndani walikuwamo Kenya, Uganda, Ethiopia, Tanzania, na pamoja nasi walikuwamo Zambia, Malawi na Zimbabwe yenyewe. Uliuliza kwa nini hatuko na Malawi. Tulikuwa nao, tukatenganishwa.

Na kabla ya Harare, katika miaka ya 1970, tulikuwa katika Divisheni iliyounganisha Afrika ya Mashariki na Mashariki ya Kati, na makao yake yalikuwa Beirut. Ripoti ya ubatizo wa Suji au Mwanza ilisafiri hadi Lebanoni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Lebanoni vilipozidi, makao yalihamia Cyprus. Nilipowaeleza vijana wa kwaya yetu habari hii walidhani ninawatungia hadithi.

Ukitazama mpangilio huo wote, Ujerumani, Uingereza, Beirut, Cyprus, Harare, Nairobi, utaona kwamba Ethiopia haikuwa ngeni kwetu: tulikaa nayo Beirut na tulikaa nayo Harare. Wageni ni Wacongo, na tunawakaribisha.

#13 Ziwa_Kivu

Tumekaribia, Mlinzi, lakini kumbuka kwamba mgeni akiwa wengi kuliko mwenyeji hupewa ufunguo wa stoo.

#14 Hesabu_Safi

Basi hoja ya lugha imekufa, au sivyo? Malawi na Zambia wanatumia Kiingereza kama sisi na Wakenya, wakapelekwa Divisheni ya Kusini mwa Afrika na Bahari ya Hindi, na sisi tukaunganishwa na wanaotumia Kifaransa. Kama lugha ingekuwa kigezo, mambo yangekuwa kinyume.

Kigezo kilikuwa uwezo. Divisheni hugharimu: watumishi, safari, ofisi, machapisho. Wakati wa kugawa, ilibidi kila kipande kipate Unioni zenye nguvu za kuwabeba zile dhaifu. Kenya na Tanzania zilikuwa na waumini wengi na taasisi. Somalia na Jibuti zina waumini wachache mno. Walinganisheni wenyewe na mtaona mizani.

#15 Mwana_wa_Gendia

Hoja ya lugha haijafa, imejeruhiwa tu. Mtu wa Kigoma, wa Bujumbura, wa Uvira na wa Bukavu wanaelewana bila mkalimani, na lugha hiyo si Kifaransa wala Kiingereza. Huenda waliochora mwaka 2003 waliiona ramani ya Kiswahili ambayo waliochora mwaka 1980 hawakuiona.

Nyongeza ni ndege. Nairobi inafikika kwa safari moja kutoka karibu miji mikuu yote ya eneo hili. Nimemwona mchungaji wetu akienda kikao cha Kigali Jumapili na kurudi kuhubiri Jumatano. Enzi za Harare, kikao kimoja kilimaliza wiki. Tena Ongata Rongai kuna Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika, kinachofundisha wachungaji na viongozi ngazi ya uzamili kutoka Divisheni zote 3 za kusini mwa Sahara, kwa hiyo wageni wanakuja vyovyote vile.

#16 Karani_Mstaafu

Turudi kidogo kwenye mamlaka, kwa sababu naona tumemwachia mjumbe jibu laini mno. Kipimo kikubwa cha swali lake kilitokea San Antonio, Texas, mwaka 2015. Swali lililopigiwa kura lilikuwa kama kamati tendaji za Divisheni, kila moja katika eneo lake, zinaweza kuweka utaratibu wa kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji zikiona inafaa. Wajumbe 1,381 walisema hapana na 977 walisema ndiyo. Miaka 20 kabla yake, Utrecht, Uholanzi, mwaka 1995, ombi la Divisheni ya Amerika ya Kaskazini juu ya jambo hilohilo lilikataliwa pia.

Sifungui mjadala wa wanawake, kila mtu ana msimamo wake. Naangalia umbo la swali. Kama Divisheni ingekuwa na mamlaka yake yenyewe, isingehitaji kuuliza. Na kama ingekuwa ofisi ya posta tu, hakuna ambaye angependekeza ipewe uamuzi mkubwa hivyo. Dunia nzima ilikutana kuamua kama mkono unaweza kuwa na nia yake, ikasema hapana.

#17 Mlinzi_wa_Giti

Mzee Karani, hapo ndipo tunapotofautiana. Kura ile ilisema Divisheni haiamui hilo, lakini haikumaliza hoja ya Unioni. Kwa utaratibu wetu konferensi humpendekeza mtu wa kuwekewa mikono, na Unioni ndiyo huidhinisha. Baadhi ya Unioni za Amerika ya Kaskazini na Ulaya ziliendelea na msimamo wao kwa kushikilia hapo hapo, zikisema mamlaka hayo ni yao tangu mageuzi ya 1901. Kwa hiyo swali halikuwa mkono dhidi ya mwili. Lilikuwa 1901 dhidi ya 1918: yale maamuzi yaliyosogezwa karibu na watu, na ule umoja uliolindwa baada ya vita. Yote mawili yako katika vitabu vyetu, na sijaona aliyeyapatanisha.

#18 Mlutheri_wa_Kagera

Hili ni jambo zito, na nashukuru kwa jinsi mnavyolisema bila kukashifiana. Nauliza jambo dogo la mgeni. Kwenye vyombo vya habari vya Tanzania nasikia "Askofu wa Jimbo Kuu" la Wasabato, lakini hapa mnasema mwenyekiti wa Unioni. Ni watu wawili?

#19 Mjumbe_Meru

Ni mtu mmoja, ndugu. Jimbo Kuu ni Unioni na jimbo ni konferensi. Majina hayo hutumika zaidi tunapozungumza na serikali na umma, ambao wamezoea maaskofu. Ndani ya kanisa ni mwenyekiti, na kipindi kikiisha wajumbe wanaweza wasimrudishe, naye akarudi kuwa mchungaji wa mtaa. Nimewahi kuhubiriwa na mchungaji wa mtaa aliyekuwa kiongozi wa konferensi mwaka uliotangulia, na hakuna aliyeona ajabu.

Ila nina swali jingine kwa mzee Karani. Je, Unioni isiyo konferensi bali misheni nayo huchagua?

#20 Karani_Mstaafu

Swali zuri, na ningepaswa kulitaja mapema. Konferensi huchagua viongozi wake katika mkutano wa wajumbe. Misheni hupangiwa viongozi wake wakuu na ngazi iliyo juu yake, kwa sababu inahesabiwa kuwa bado haijaweza kusimama peke yake kwa fedha na kwa uongozi. Kwa hiyo Divisheni ileile moja ina uzito tofauti katika nchi tofauti. Kwa Unioni Konferensi, mtu wa Nairobi huja kuongoza kamati na kushauri. Kwa Unioni Misheni, kamati ya Divisheni ndiyo inayomteua mwenyekiti. Huenda mzee aliyekuambia habari ya serikali na mikoa aliishi muda mrefu chini ya misheni, na akasema alichokiona.

#21 Hesabu_Safi

Na kinachoitofautisha misheni na konferensi kwa sehemu kubwa ni kujitegemea. Nimerudi palepale nilipoanzia, naona wazee wananisogelea.

#22 Ziwa_Kivu

Tunakusogelea lakini hatujafika, mhazini. Fedha haielezi kwa nini shule ya udaktari ya Divisheni nzima ilijengwa Kigali na kuzinduliwa mwaka 2019. Kama aliye na waumini wengi na zaka nyingi ndiye mwenye sauti, ingejengwa Kenya au Tanzania. Rwanda walikuwa na chuo kikuu Mudende kilichofunguliwa katika miaka ya 1980 na kusambaratishwa na yaliyotokea mwaka 1994, na walijenga upya Kigali. Mimi naona pale Divisheni ilifanya kazi ambayo Unioni moja haiwezi: kuitazama nchi 11 kwa pamoja na kuuliza jeraha liko wapi. Lakini sikuwamo katika kikao, nasema ninavyoona kutoka ng'ambo ya mpaka.

#23 Mkaazi_wa_Muscat

Amani kwenu. Nimefuata uzi huu wote kutoka Oman, nikiwa mmoja wa Waadventista wachache wa Afrika Mashariki tunaofanya kazi huku. Sisi tumeanguka nje ya ramani yenu. Nchi hizi za Ghuba ziko chini ya Unioni ya Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini, ambayo haimo katika Divisheni yoyote bali imeambatanishwa moja kwa moja na Konferensi Kuu. Sudan nayo imo humo, ilhali Sudan Kusini iko Divisheni yenu. Kwa hiyo yale ya Beirut aliyoyataja Mlinzi katika #12 kwangu yanasikika kama habari za nyumbani.

Shida yangu ni ya kawaida tu. Uanachama wangu bado uko kanisa la Mwanza, kwa kuwa sijui mkataba wangu wa kazi utaongezwa au la. Zaka yangu niitume Mwanza au niitoe hapa? Na nikitaka kuhama kiuanachama, barua ipite Nairobi?

#24 Karani_Mstaafu

Barua haipiti Nairobi, wala Unioni, wala konferensi. Ni ya karani kwa karani. Karani wa kanisa unakokwenda humwandikia karani wa Mwanza. Jina lako husomwa mara ya kwanza, kisha Sabato inayofuata husomwa tena na kanisa hupiga kura. Barua hudumu miezi 6, na mpaka utakapopokelewa huko wewe bado ni wa Mwanza. Niliandika barua kama hizo kwenda Uganda, Uingereza na Marekani, na sikuwahi kuweka muhuri wa ofisi yoyote ya juu. Mjumbe, hilo nalo ulifikirie unapopima nani mwenye mamlaka.

#25 Hesabu_Safi

Kuhusu zaka, utaratibu ni kwamba hufuata uanachama. Ukiwa bado wa Mwanza, irejeshe Mwanza. Ila nafahamu ndugu wanaokula chakula cha kiroho mahali fulani kwa miaka 5 na kupeleka zaka mahali pengine, na kundi dogo linalowalisha haliwezi hata kulipia ukumbi.

#26 Mlinzi_wa_Giti

Kwa hilo, mhazini, mimi ningemshauri ahamishe uanachama hata kama mkataba ni wa mwaka mmoja. Giti nayo ilikuwa kundi dogo lililo mbali na kila makao makuu.

#27 Mkaazi_wa_Muscat

Nimewaelewa wote wawili, ingawa mmenipa njia mbili. Ijumaa hii tunakutana, maana huku ndiyo siku ya mapumziko na wengi hawapati ruhusa siku ya Sabato asubuhi. Nitawauliza wenzangu ni wangapi bado majina yao yako nyumbani.